Makochi Tutayaweka Sebule ya Nani? Neno la Kamati ya Shukrani kwa Wana-Sanje

   

Kwenye ratiba tumeandikiwa "Taarifa fupi ya kamati ya shukrani". Ufupi tutajitahidi. Lakini taarifa yenyewe imebadilika njiani, na ni haki yenu kujua imebadilikaje kabla hatujafika kwenye kadi za ahadi.

Mwaka jana mkutano huu ulitutuma sisi watu sita kuandaa shukrani kwa mchungaji wa usharika wa nyumbani, ambaye mwakani anatimiza umri wa kustaafu. Jina lake hatutaliandika katika kijitabu hiki. Ameomba hivyo mwenyewe, na wote mliomo humu mnamfahamu. Kwa wageni wetu tuseme tu kwamba ukimkuta kando ya barabara pale Sanje anatembea haraka na mwavuli mkononi, jua ama anatoka msibani ama anakwenda.

Tulianza kama kamati zote zinavyoanza: tuliorodhesha. Suti moja nzuri. Vitenge vya mama mchungaji. Seti ya makochi. Ndafu, keki, fulana zenye picha yake. Ndugu zetu walio Marekani walituandikia kwamba kule makanisa mengi hutenga mwezi wa Oktoba kuwashukuru wachungaji wao, wakashauri nasi tuwe na mwezi wetu. Ni wazo zuri na tumeliandika kwenye muhtasari. Ila sisi Sanje tumezoea Jumapili ya mavuno, na siku hiyo mchungaji ndiye anayenadi jogoo, siye anayempokea. Mnaikumbuka ilivyo. Gunia la mpunga linaegemea madhabahu, bunda la miwa limelala mlangoni, na mayai matatu ya bibi fulani yamo kwenye kikombe cha bati. Yai linanunuliwa kwa bei ya kuku, mnunuzi analirudisha mezani, linanadiwa tena. Mtoto wa Sanje anajifunza hesabu za kuzidisha kwa yai lile.

Basi orodha ikapitishwa, na wawili kati yetu wakatumwa nyumbani kuulizia chini chini vipimo vya suti. Safari yenyewe sasa ni raha. Ukishavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu ni lami hadi Ifakara, karibu kilomita 67, na sisi tuliokuwa tukishuka Sanje wekundu kama matofali kwa vumbi, tunateremka na mashati yetu meupe vilevile. Hilo lilitupa kiburi kidogo. Tulifika kwa mama mtunza hazina wa usharika tukiwa na futi ya fundi cherehani mfukoni.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Alituandalia chai. Kisha akauliza, "Hayo makochi mtayaweka sebule ya nani?"

Tukasema, kwa mchungaji.

Akasema, "Ile nyumba ni ya usharika. Mwakani anaingia mwingine."

Ndugu zangu, sisi watu sita, wenye shahada zetu na vyeo vyetu vya mjini, tulikuwa tumekaa vikao vinne na hakuna aliyeuliza swali hilo. Mchungaji amekaa katika nyumba ya usharika miaka yote tunayomjua. Tulipokuwa watoto tuliiita "kwa mchungaji", tukadhani ni kwake.

Mama akaingia ndani, akatoka na kaunta buku. Siyo moja, ni nne, zimefungwa kwa kamba ya katani. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula: mwezi, mshahara uliopangwa, kilichopatikana, salio, sahihi ya mpokeaji. Tulianza kufunua kwa udadisi, tukaendelea kwa aibu. Miezi ambayo mshahara ulitimia unaweza kuihesabu bila kuvua viatu. Miezi ya msimu wa miwa inapanda kidogo. Ikifika masika, mashamba ya bondeni yamejaa maji, malipo ya miwa hayajatoka, na safu ya "kilichopatikana" inashuka mpaka unadhani mwandishi alisahau sifuri. Kuna mwezi mmoja umeandikwa "mpunga debe mbili" na basi.

Na kila mwezi, pembeni ya sahihi yake, kwa mwandiko ule ule tunaoujua kutoka kwenye vyeti vyetu vya ubatizo, mchungaji ameandika maneno mawili: "Nimeshukuru. Asanteni." Amepewa nusu ya haki yake, ameandika asanteni. Amepewa robo, asanteni. Amepewa debe mbili za mpunga, asanteni. Sisi tulikuwa tumepanda basi kwenda kumshukuru, tukamkuta ameshatutangulia kwa miaka.

Kuna safu nyingine katika madaftari hayo, ya mchango wa uzeeni. Hii tunaomba mtuvumilie tuieleze, kwa sababu wengi wetu mna waajiri wanaofanya mambo haya bila ninyi kujua. Kwa utaratibu wa NSSF, mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu anakatwa mfanyakazi, nusu anatoa mwajiri. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi akifika uzeeni, anatakiwa awe amechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Haitoshi kuwa umefanya kazi miaka 15. Michango iwe imefika. Sasa wazee wa kanisa kila mwisho wa mwezi walikuwa wanakaa na sadaka mezani, na mbele yao mambo mawili: mchungaji ale mwezi huu, au mchango uende. Kwa miezi mingi walichagua ale. Hatuwalaumu hata kidogo, na sisi tungechagua hivyo. Matokeo yake ni kwamba miezi yake haifiki 180, na mtu asiyefika hapati cha kila mwezi, anapewa fungu la mara moja, linakwisha.

Nani basi alaumiwe? Tulijiuliza swali hili ndani ya basi wakati wa kurudi, na jibu halikutupendeza.

Kila mmoja wetu aliyetoka Sanje kwenda kusoma au kutafuta kazi alipita kwa mchungaji kuchukua barua ya uhamisho. Anaiandika kwa mkono, anapiga muhuri, anakuombea barazani, anakusindikiza mpaka stendi. Barua ile ukaipeleka Kimara, Mbagala, Tabata, Morogoro mjini, ukapewa bahasha zako za ahadi na namba yako. Tangu siku hiyo fungu lako la kumi linajenga huko. Tumeweka vigae, tumeweka feni, tumenunua vinanda na vipaza sauti. Hakuna dhambi hapo, ndiko tunakoabudu. Lakini nyumbani wamebaki bibi na babu, wajukuu tuliowapelekea, na mkulima wa ekari moja. Usharika uliotubatiza, ukatufundisha kipaimara, ukatuombea mitihani, ulikuwa unatulea ili tukatoe sadaka mahali pengine. Na mchungaji alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu anajua nani alikuwa anatoa nini. Kila barua aliyoisaini ilikuwa inapunguza mshahara wake mwenyewe, na hatujasikia hata mtu mmoja aliyenyimwa barua.

Paulo alipomwandikia Timotheo alimkumbusha habari ya ng'ombe anayepura nafaka. Sisi watu wa mpunga hatuhitaji kufafanuliwa.

Tunajua wengine humu mnajiuliza kwa nini chama cha maendeleo, chenye Wakatoliki, Waislamu, Walutheri, Wapentekoste na wasiokwenda popote, kijishughulishe na mzee wa usharika mmoja. Swali ni la haki na tutalirudia. Kwanza turuhusuni tuwakumbushe wenyewe amefanya nini, maana wazee wa Sanje wanayajua na vijana hawayajui.

Tuanze na kabati. Ofisini kwake kuna kabati la mninga lisilofunga vizuri, na ndani yake mna vitabu vya ubatizo. Nani humu hajawahi kumpigia simu? Unataka cheti cha kuzaliwa RITA, ulizaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi, huna karatasi yoyote. Wanakuuliza una cheti cha ubatizo? Unataka kitambulisho cha NIDA, pasi ya kusafiria, mkopo wa chuo. Unapiga simu Sanje. Anakuambia subiri, anatafuta, anakuta umebatizwa Jumapili gani, mama yako aliitwa nani, wadhamini wako ni akina nani. Anapanda basi kwenda Ifakara kutoa nakala na kukutumia. Nauli hatukuwahi kumuuliza alitoa wapi. Watoto wasiobatizwa nao aliwaandikia barua za kuthibitisha anawafahamu wazazi wao, wakiwemo watoto wa Kiislamu wa mtaa wa jirani, na barua zile zimefungua milango.

Halafu kuni. Hapa tunataka kukaa kidogo.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na mpaka wake kwetu ni kama ukuta wa nyuma ya nyumba. Kwa miaka ya mwanzo mama zetu waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mnakumbuka msafara ule wa alfajiri, na mizigo ya kuni ikirudi kichwani mchana. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifikia kikomo. Sababu zilikuwepo, maana msitu wa chini ulikuwa unapukutika, na huo msitu ndio unaotunza mito inayotunywesha na kumwagilia mpunga wetu. Lakini sababu haipiki ugali. Wiki zile Sanje ilikuwa na hasira na moshi wa vitu visivyostahili kuchomwa: magunzi, majani ya miwa, hata miguu ya vitanda.

Mchungaji angeweza kufanya mambo mawili ambayo watu waliyategemea. Angeweza kupanda mimbarini kuchochea, na angeshangiliwa. Au angeweza kusema tuombe, na tungeomba. Jumapili ile aliuliza swali moja tu, kwamba nyumba yenu inatumia mizigo mingapi ya kuni kwa wiki. Akaandika majibu ubaoni kwa chaki, kanisani, mbele ya altare. Akajumlisha. Kisha akasema, "Huu ni msitu mzima. Nani ana jembe?"

Kitalu kilianzia nyuma ya kanisa, kwenye kivuli cha mwembe. Alileta viriba, akaleta mbegu za mjohoro kwa ajili ya kuni, kwa sababu ukiukata unachipua tena, na mbegu za mtiki kwa ajili ya mbao, mti ambao bonde letu limeuzoea tangu makampuni yaanze kuupanda miaka ya 1990. Darasa la kipaimara likageuka kuwa darasa la kumwagilia. Kila mwanafunzi alipewa miche yake kwa jina, na ilisemekana, sijui kama ni kweli, kwamba mwenye miche iliyokauka hapandishwi kidato cha pili cha kipaimara. Kulikuwa na vilio. Kulikuwa na mzazi mmoja aliyekuja usiku na ndoo ili mwanawe asifeli. Akawagawia miche Wakatoliki. Akapeleka mwingine msikitini, na uzio wa mijohoro mnaouona kuzunguka pale msikitini leo, mnaoukalia kivuli chake wakati wa mazishi, ni wa mwaka ule. Akafundisha na majiko ya udongo yanayokula kuni chache, akiwa amekunja suruali, tope mpaka kwenye magoti, na kola yake shingoni.

Leo mama wa Sanje anayepika kwa mjohoro wa nyuma ya nyumba yake hana kesi na mtu. Hakuna bango. Hakuna jiwe la msingi. Wataalamu walipomtambua kima wa milima yetu mwaka 1979, yule ambaye wenyeji walimwita ng'olaga tangu zamani, walimpa jina la Sanje, na sasa jina la kijiji chetu limo kwenye vitabu vya dunia nzima kwa sababu ya kima. Tunamheshimu sana kima huyo. Tunasema tu kwamba amepata kutambuliwa haraka kuliko mchungaji.

Mengine tutayapita. Kwamba alizunguka nyumba kwa nyumba akishawishi kaya zijiunge na CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, akiwatania waliotoa zaidi ya hiyo kwenye sare ya harusi moja. Kwamba pikipiki ya usharika imelala kituo cha afya usiku mara nyingi kuliko ilivyolala kanisani. Kwamba katika misiba ya majirani zetu Waislamu amebeba jeneza kama mtu wa mtaa na kusimama nyuma kimya wakati wa dua. Mnayajua.

Tusije tukawa wa asante ya punda. Na mateke ya punda hayahitaji mguu, yanatosha makochi.

Nchi yetu inajua kushukuru wachungaji, hasa wakubwa, na hasa wakishatangulia mbele za haki. Askofu Stefano Moshi, mkuu wa kwanza wa KKKT mwaka 1963, alifariki mwaka 1976, na chuo kikubwa kule Moshi kikaja kubeba jina lake. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, alifariki mwaka 1988, naye akaja kupewa chuo. Hapa kwetu bondeni tunawakumbuka Wakapuchini wa Uswisi waliofika mwaka 1921 na wauguzi waliofuata, kila tunapompeleka mgonjwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Ni heshima stahiki. Lakini wa chini yao, wa usharika wa pembeni, tunamtafuta siku ya kumuaga: bahasha, mashuka mawili, picha ya pamoja, gari la kuhamisha vyombo. Vyombo vinakwenda wapi, hatuulizi.

Tulimuuliza. Baada ya kaunta buku hatukuweza kuondoka bila kumuuliza. Alicheka. Akasema atapanga chumba kwanza, Mungu atafungua njia. Kwao ni mbali, ardhi ya baba yake walishagawana wadogo zake, na watoto wake wako mjini kwenye vyumba vya kupanga kama wengi wetu. Alikuwa na ekari ya miwa hapo Sanje. Aliiuza mama mchungaji alipougua. Hatukujua. Tulituma pole kwenye simu mwaka ule, wengine tulituma na kialama cha mikono iliyofumbatana.

Tukamwambia chama kinataka kumjengea nyumba. Akanyamaza, akatazama mlimani, halafu akasema, "Jengeni kwanza vyoo vya shule."

Huyo ndiye mchungaji wenu. Tulimjibu kwamba vyoo vya shule vimo kwenye kijitabu hiki, ukurasa wa mbele yake, na havitaguswa.

Sasa turudi kwenye maswali, maana kikao cha kamati pana kilikuwa kikali na hatutaki kuwaficha. Swali la kwanza lilikuwa la dini. Mzee wetu mmoja Mwislamu, ambaye tulidhani atapinga, ndiye alisimama. Alisema, "Mimi simchangii mchungaji. Namchangia jirani yangu aliyemzika mama yangu." Akaweka fedha mezani kabla hatujafungua daftari la risiti. Hata hivyo tumeamua mfuko huu uwe na akaunti yake na daftari lake. Shilingi ya zahanati, ya vyoo au ya madawati haitavuka kwenda huko, na asiyetaka kuchangia mfuko huu bado ni mwanachama kamili na chai yake ipo.

Swali la pili: tukimjengea huyu, kesho paroko, sheikh, mwalimu mkuu mstaafu na mkunga nao watataka. Tumekaa nalo swali hili kwa muda mrefu. Paroko ana utaratibu wa jimbo lake. Kuhusu mwalimu wa madrasa na mkunga wa jadi, ambao nao wamezeeka wakitutumikia bila chochote, kamati inasema wazi kwamba ndiyo, wanastahili, na tunaomba mkutano wa mwakani uliangalie. Tusimnyime mmoja kwa sababu wanaostahili ni wengi.

Swali la tatu lilikuwa gumu zaidi: hii si kazi ya usharika? Ni kazi ya usharika. Ila usharika wenyewe umehamia Dar es Salaam na barua zake za uhamisho, na umekaa katika ukumbi huu.

Kwa hiyo tunaleta mambo mawili. La kwanza ni nyumba ya vyumba vitatu na baraza pana. Baraza ndilo ombi lake pekee tulipombana, kwa sababu watu watakuja tu, astaafu asistaafu. Kiwanja kimepatikana, kimetolewa na familia moja ya hapo kijijini, na hati ya makabidhiano imesainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Itajengwa kwa matofali ya saruji, siyo ya kuchoma. Alipoona neno "kuchoma" kwenye makadirio alituuliza kuni zitatoka wapi. Tukafuta. Nyumba itaandikwa kwa jina lake na la mama, siyo la usharika wala la chama hiki. Hilo tumelipigania, na tunaomba mlipitishe bila marekebisho.

La pili halionekani kwa macho, na kwa hiyo huenda likakosa wachangiaji, lakini kwetu ndilo zito. Ni madeni ya kwenye zile kaunta buku. Tunapendekeza kila mmoja aliyewahi kuchukua barua ya uhamisho Sanje atoe kiasi cha mwezi mmoja tu wa mshahara ule uliopangwa, kiwango kipo kwenye kadi. Wakili wetu na wazee wa usharika wanafuatilia sehemu gani inaweza kulipwa kama michango ya nyuma na sehemu gani apewe mkononi. Tutaleta majibu kwa maandishi. Atakayepokea atasaini kama anavyosaini siku zote, na tumemwomba mama mtunza hazina kwamba safari hii, kwenye nafasi ya maneno mawili, tuandike sisi.

Kadi za ahadi ziko katikati ya kijitabu hiki, za njano ni nyumba, za kijani ni madeni. Mlio mbali mtatumiwa kwa simu. Mwenye saruji atoe saruji, mwenye bati atoe bati, fundi aliyesomea kwa baba yake pale Sanje na sasa yuko Mbezi atoe wiki mbili za likizo yake, tumeshamwona amekaa nyuma pale anaangalia chini. Fundi mkuu anataka msingi uwe umekwisha kabla ya masika.

Mbao za kenchi hatutanunua. Mitiki ya kitalu kile imekomaa vya kutosha kupaua nyumba ya vyumba vitatu, na kibali cha kuivuna kimeshaombwa. Majina ya waliopewa miche mwaka ule yapo kwenye daftari, na mwenye mti ndiye anayeamua. Tutayasoma sasa hivi. Ukisikia jina lako, simama, useme mti wako ukatwe au usikatwe.